Tundu la Nne

Musiniambie habari ya kusamehe. Niko muzee sasa, meno ya nyuma yamekwisha, na wajukuu wangu wanapenda kunishauri: "Babu, mambo ya Wabeleji yalipita, uyaache." Niyaache namna gani? Muntu aliyemupiga mama yangu kofi mbele ya watu, nimuache? Aka! Kama yuko kaburini, namuombea udongo mubaya kuliko ule niliomutafutia mimi kwa mikono yangu.

Enzi ile nilikuwa nafanya kazi kwenye travo, hapa Kindu. Travo njo kazi za serikali za kujenga: barabara, madaraja, biro za makarani, nyumba za wazungu. Wengine walibeba mawe, wengine walichoma matofali. Mimi nilikuwa muntu wa udongo. Kabla ya kujenga nyumba kubwa, ardhi inatobolewa kwanza kwa chuma kirefu chenye meno ya kujizungusha, tulikiita taryeri. Munashika mukono wake watu wawili, munazunguka nacho, munazunguka, kinashuka. Kila nusu ya meta munakivuta juu, munakwangua udongo uliokamata kwenye meno, munautia ndani ya bwati, kopo la bati, munafunga kwa nta ya mushumaa ili maji yake yasitoke. Halafu unaandika: tundu la kwanza, meta moja, tundu la kwanza, meta moja na nusu. Bwati zile zilisafiri wiki na wiki mpaka Léopoldville, Kinshasa ya leo. Kule waliukandamiza udongo kwa mashini zao, kisha ikarudi karatasi ya kusema hapa mujenge, hapa musijenge, hapa mushuke zaidi na fondasio, yaani musingi.

Mimi sikungoja karatasi. Nilikuwa nachukua udongo kidogo na kuusaga kwa meno: wenye muchanga unakwaruza, wa mufinyanzi unanata kwenye ulimi. Nilikuwa nausokota kwa viganja, nikiona unakuwa kamba ndefu bila kukatika, najua huu utavimba mvua ikinyesha. Wenzangu walinicheka, wakaniita mula udongo. Wacheke tu. Nilifundishwa na Mama.

Mama yangu alikuwa mufinyanzi. Shimo lake la udongo lilikuwa karibu na ukingo wa Lualaba, upande wa Kasuku, na alilirithi kwa mama yake. Ukilitazama kwa juu uliona mulango tu wa kupita muntu mumoja aliyeinama. Lakini wafinyanzi wa kwetu hawachimbi kwenda chini peke yake. Juu iko udongo mwekundu, mugumu, haufai kitu. Chini yake njo iko ule wa kijivu, unaoteleza kama sabuni. Wanaufuata huo kwa upande, kizazi kwa kizazi, na ule mwekundu wanauacha juu uwe dari. Kwa hiyo mule ndani kulikuwa na tumbo, chumba kizima chini ya ardhi, hatua nyingi kutoka mulangoni. Nilipokuwa mutoto niliingia mule na taa ya mafuta ya mawese kumubebea Mama kikapu. Na kabla yangu mujomba wangu, kaka yake Mama, alikuwa ameingia vile vile kumubebea mama yao.

Tena tulikuwa na desturi moja. Chungu kikipasuka ndani ya moto, hakitupwi jalalani. Kinarudishwa shimoni, maana kilitoka mule. Vigae vya bibi yangu, na vya mama yake bibi, vilikuwa vimelala kule nyuma, kwenye ukuta wa mwisho. Ukivikanyaga, Mama alikugomba.

Sasa mukubwa wa travo, muzungu tuliyemuita Bwana Shefu, akapatamani mahali pale. Alitaka nyumba yake yeye mwenyewe ijengwe pale, na baraza la kutazama muto, apate upepo wakati wa joto. Akaja na mashini yake ya miguu mitatu ya kuchungulia. Mimi nilikuwa nimeshika jiti la kupimia, lile lenye rangi nyekundu na nyeupe. Mama akatoka shimoni, udongo mpaka viwiko, vyungu vyake vimeanikwa juani kwa mistari. Bwana Shefu akamuambia kapita, musimamizi wa wafanyakazi, "Ondoa." Kapita akaanza kuvipiga teke kimoja kimoja.

Mama hakulia. Alikwenda kusimama kwenye mulango wa shimo lake, akapanua mikono.

"Hapa iko kwa mama yangu," akasema. "Mutapita juu yangu."

Yule muntu akaiacha mashini yake, akavipita vyungu, kimoja akakivunja kwa kiatu chake mwenyewe, akamuendea Mama na kumupiga kofi. Kilemba kikaanguka. Mama akaenda chini kwa magoti.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimeshika jiti. Nililishika wima, sawasawa kama nilivyofundishwa, maana jiti likiinama hesabu ya muzungu inapotea. Wallahi, sikuliinamisha hata kidogo. Mama akainua macho, akaniona. Aliokota kilemba chake, akakikung'uta vumbi, akapita mbele yangu kwenda nyumbani.

Tangu siku ile Mama hakunipakulia tena. Kwa kwetu, mwana hata akiwa na ndevu, maadamu anakaa kwa mama yake, mama njo anapakua. Anamukatia bukari, ugali wetu, kwa mukono wake, anamuwekea sombe ya majani ya muhogo pembeni, anamuambia "kula". Mama aliendelea kupika. Lakini aliacha chungu jikoni, akanipa kisogo, nijipakulie mwenyewe kama mupangaji. Hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru. Baba alikuwa amekufa zamani, nyumba yetu ilikuwa ya watu wawili, na ndani ya nyumba ya watu wawili kisogo kinajaa mulango mpaka dirisha.

Nikala kiapo. Yule muntu nitamulaza ndani ya nyumba itakayomumeza, na siku hiyo Mama atanipakulia. Sikutaka kingine duniani. Sikumuambia Mama, maana maneno ya muntu aliyeshika jiti yana faida gani? Nilitaka nimuoneshe ukuta umelala chini kwanza.

Bwana Shefu akatoa amri shimo lizibwe. Karibu pale kulikuwa na mashini ya kukoboa mupunga, na nje yake kilima cha makapi kilichoziba njia. Akafurahi, akasema hizi ni kazi mbili kwa mara moja: barabara inasafishwa, shimo linajaa. Wafungwa wakaleta makapi kwa mikokoteni. Yeye alifikiri ni tundu dogo la muchana mumoja. Likameza siku tatu! Kapita alishangaa, akajikuna kichwa, lakini kapita gani atamuambia muzungu jambo asiloulizwa? Wakafunika kwa udongo mwekundu, wakashindilia, majani yakaota.

Halafu, sikilizeni hii. Kwenye plani yake, ile ramani ya nyumba, Bwana Shefu alikuwa ameandika alama ndogo pale ulipokuwa mulango wa shimo. Akajiona mwerevu. Akaisogeza nyumba hatua kumi na mbili, ukuta usipite juu ya alama. Akaisogeza akaiweka juu ya tumbo lenyewe! Nilipoona kamba zimevutwa na vijiti vimechomekwa, kijiti cha nne, kona ya chumba chake cha kulala, kimesimama katikati kabisa ya chumba cha bibi yangu, nilitaka kucheka. Nikajifanya nakohoa.

Matundu yalikuwa manne, moja kila kona. Matatu ya kwanza tuliyatoboa kwa haki, mimi na mwenzangu wa taryeri, muntu wa Kibombo, mupole, asiye na maneno mengi. Udongo ulikuwa mwekundu wenye vikokoto, chini yake muchanga mugumu. Usiku mwenzangu akapata homa. Asubuhi nikaja peke yangu. Bwana Shefu akatazama kijiti cha nne, akatazama saa yake, akasema nifanye polepole nitakavyoweza, akaingia motokari yake akaenda. Hakuwa muntu wa kukaa juani.

Nilikaa chini kwanza. Kama ningetoboa pale kwa haki, taryeri ingepita udongo mwekundu kiasi cha urefu wa muntu, kisha ingezama yenyewe. Ndani ya bwati wangekuta makapi ya mupunga. Hata mupumbavu wa Léopoldville angeandika: musijenge. Nyumba ingepelekwa mahali pengine, na yule angelala salama mpaka siku ya kurudi kwao na kiinua mugongo chake.

Nikainuka, nikarudi kando ya tundu la tatu. Nikatoboa pembeni yake, mukono wangu peke yangu, jasho likiniingia machoni. Hasira ilizunguka pamoja nami. Nikajaza bwati nane za udongo ule muzuri, nikazifunga kwa nta, nikaandika juu ya kila moja: tundu la nne. Kwenye kijiti cha nne chenyewe nilishuka kiasi cha mukono tu, ili apitaye aone kwamba kazi imefanyika. Nta iliniunguza vidole viwili, na mimi nilikuwa naimba.

Karatasi ya Léopoldville ilirudi baada ya miezi. Bwana Shefu akaisoma, akaja mpaka tulipokuwa, akanipiga begani kama rafiki.

"Udongo muzuri sana," akasema kwa Kiswahili chake cha kuamuru. "Wewe kazi muzuri."

"Ndiyo, Bwana," nikamujibu. "Utalala vizuri."

Sasa nitasema jambo linaloniuma. Masoni aliyepewa nyumba ile alikuwa mujomba wangu. Nilipaswa kujua. Kindu nzima hakukuwa na masoni mwingine wa kusimamisha ukuta wa matofali unyooke vile. Mara mbili nilikwenda mpaka mulangoni kwake nimuambie, na mara mbili nikarudi. Nikajidanganya: ukuta utapasuka, muzungu ataaibika mbele ya wakubwa wake, mujomba atapewa kazi nyingine, yatakwisha. Upumbavu! Kana kwamba sikuijua nchi niliyokuwa naishi.

Siku moja nilimuona amesimama ndani ya mutaro wa fondasio, kwenye kona ya nne, ameshika chuma cha kushindilia. Alipiga mara moja, akainamisha sikio. Akapiga tena. Nikasema kwisha, amegundua. Lakini alijifuta uso, akawaita wasaidizi wake waanze kupanga mawe. Nikashusha pumzi.

Nyumba ikasimama. Ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya, na rangi nyeupe, na baraza, na wavu wa mbu kwenye madirisha. Bwana Shefu akahamia. Mvua za kwanza zikanyesha, na mimi kila asubuhi napita pale kutazama kona. Hakuna kitu. Ukuta umesimama kama umeapa! Nikautukana ukuta. Nikayatukana makapi, yanangoja nini? Nilianza kufikiri kwamba hata udongo wa Mama umekuwa mutumishi wa wazungu.

Mvua za pili njo zilileta. Asubuhi moja naona mustari mwembamba kutoka dirishani kushuka, kama uzi. Baada ya wiki uzi ukawa kidole. Bwana Shefu akaleta vipande vya kioo, akavibandika kwa sima, ile saruji ya kujengea, kuvuka ufa, maana njo desturi ya kazi: kioo kikivunjika, ukuta unatembea bado. Siku tatu hazijaisha, vyote vikavunjika. Akabandika vingine. Navyo vikavunjika! Nilipokuwa nafagia vile vipande alivyoniamuru kufagia, nilikuwa navihesabu kwa furaha. Sina haya ya kusema.

Nikaenda nyumbani mbio. "Mama, nyumba ya yule imepasuka."

Mama alikuwa anachambua muchele. "Nimesikia," akasema. Akaendelea kuchambua. Wakati wa chakula akaacha chungu jikoni, akanipa kisogo.

Kabla sijajua nifanye nini, polisi wakamukamata mujomba. Walimukuta muchana, juu ya kiunzi, anapanga matofali ya biro moja, wakamushusha mbele ya wasaidizi wake, wakamutia boloko, gereza la serikali. Bwana Shefu alikuwa ameandika kwamba udongo ulipimwa na uko muzuri, karatasi ipo. Kwa hiyo ubaya uko ndani ya ukuta. Na ubaya wa ukuta njo masoni aliyeiba sima na kujaza muchanga. Mujomba wangu! Muntu aliyekuwa anaokota sima iliyomwagika chini kwa kijiko. Hata wazungu wengine walijua kwamba hakuiba, lakini nani atabishana na karatasi?

Usingizi haukuja. Asubuhi nikabeba taryeri begani, nikaenda moja kwa moja mpaka baraza lile, nikamukuta anakunywa kahawa.

"Bwana, mujomba hakuiba sima. Mimi njo nilikudanganya. Bwati za tundu la nne zilikuwa za tundu la tatu. Unifunge mimi."

Akanitazama kama muntu aliyesikia mbuzi anasoma. Sikungoja. Nikashuka mpaka kona ya nne, nikachomeka taryeri karibu na ukuta, nikaanza kuzungusha. Akaja na kikombe chake mukononi. Ukatoka udongo mwekundu, ukatoka mwingine, nikaunga chuma cha pili. Halafu chuma kikazama chenyewe mpaka nikapiga magoti. Nilipokivuta, meno yamejaa makapi meusi, yameoza, harufu ikamufanya arudi nyuma. Nikasogea upande wa kule nyuma walikolala vigae, nikatoboa tena. Safari hii kilikamata kigae.

Nikakifuta kwa shati langu. Kilikuwa kipande cha shingo ya chungu, na mustari wa alama za kucha, moja baada ya moja. Bibi yangu alitia alama ile, na Mama vile vile. Bwana Shefu aliijua. Alikuwa ameivunja kwa kiatu chake.

Nilimuona anaelewa. Alitazama kigae, akatazama makapi, akatazama mahali pa ile alama yake ndogo ya plani, hatua kumi na mbili kutoka pale. Nani alichagua mahali? Yeye. Nani aliamuru makapi? Yeye. Uso wote ulimutoka rangi. Eee, ningetaka Mama awe pale amuone! Ile dakika moja ningeila kila siku badala ya bukari.

Kisha akanyoosha mukono, akachukua kigae, akakirusha mutoni.

"Ziba tundu," akasema. "Udongo iko muzuri. Karatasi inasema iko muzuri. Sima njo iliibiwa."

"Bwana, umeona kwa macho yako."

"Ukisema neno moja kwa muntu, mujomba wako atakaa boloko mara mbili ya siku zake. Umesikia? Rudi kazini."

Hakunifunga. Hakunifukuza hata kazi. Angenifunga, angepaswa kuandika kwa nini. Nilipiga magoti nikaziba lile tundu kwa mikono, na machozi yalikuwa yananitoka kama mutoto. Nilimuchimbia yeye shimo, na yeye akamusukuma mujomba ndani yake.

Mujomba akakaa boloko. Walimupeleka kupasua mawe ya barabara. Kila siku Mama alipika, akafunga chakula ndani ya majani ya mugomba, akakiweka pale mulangoni bila neno, na mimi nikakipeleka gerezani. Kwa mujomba alipakua vizuri. Mimi nilibeba, nikarudi, nikajipakulia yaliyobaki.

Na nyumba? Nyumba iliendelea na kazi yake. Muchana mumoja wa mvua kubwa, saa ya wazungu kulala baada ya chakula, kona ya nne ikashuka. Ilishuka polepole kwanza, mabati yakapiga kelele, kisha ukuta muzima ukakaa chini. Bwana Shefu alitokea dirishani. Suruali ya kulalia, kiatu kimoja, nywele zimejaa vumbi la chokaa, akaanguka matopeni mbele ya wafanyakazi wote wa travo waliokimbilia chini ya kibanda kujikinga mvua. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Kila mumoja alitazama miguu yake mwenyewe, na mabega yakitikisika. Mimi sikutazama miguu. Nilimutazama yeye, usoni, mpaka akageuka.

Wakubwa wake walikuja kwa treni, wakazunguka yale matofali, wakaongea Kifaransa cha chini chini. Baada ya wiki mbili naye akapanda treni na masanduku yake. Hakuna aliyetuambia kitu. Hakuna aliyekumbuka vile vile kumufungua masoni aliyefungwa kwa ajili ya ukuta ule.

Siku ile kona ilipoanguka nilikimbia mvuani mpaka nyumbani, nikamueleza Mama: dirisha, kiatu kimoja, matope. Mama alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akajishika mbavu, sikuwa nimemusikia hivyo tangu Baba afe. Nikasema moyoni, leo njo leo. Akajifuta machozi kwa kitenge, akainuka, akaepua chungu, akakiweka jikoni. Akanipa kisogo.

Hapo nilikata tamaa. Nilikuwa nimefanya yote niliyoapa, na bado.

Mujomba alitoka baada ya kumaliza siku zake zote, hawakumupunguzia hata moja. Nilimungoja kwenye mulango wa gereza. Alikuwa amekonda, anakohoa vumbi la mawe, mikono yake ile ya kunyoosha ukuta imepasuka pasuka. Tukatembea kidogo. Kisha nikasimama katikati ya njia, nikamushika mukono.

"Mujomba, mimi njo nilikufunga."

Nikamuambia yote, bwati, nta, tundu la tatu, kigae. Alisimama ananisikiliza, mudomo wazi. Halafu akaanza kucheka, kikohozi kikamushika, akacheka tena.

"Kumbe ni wewe!" akasema. "Tulishangaa sana, karatasi ya Léopoldville iliwezaje kusema udongo muzuri. Mama yako alisema Mungu njo amewafumba macho."

"Tulishangaa? Nani na nani?"

"Mwanangu, unafikiri mimi sikulijua lile tumbo? Niliingia mule kabla wewe hujazaliwa. Nilipopiga chuma kwenye mutaro, lilinijibu. Jioni nikaenda kwa mama yako. Nikamuuliza, dada, nisimamishe kazi, ao nijenge? Akaniambia: jenga. Nikajenga. Tena niliweka sima yote, hata kijiko sikupunguza, ukuta uwe muzito."

"Ulijua watakufunga?"

"Nilijua watafunga muntu mweusi. Sikuona mwingine karibu."

Nilisimama pale kama niliyepigwa na jua. Muda wote ule! Mimi nabeba siri yangu, nao wamebeba yao, chini ya dari moja, tunapishana mulangoni. Hasira ikanipanda, siwezi kuficha, nikamupigia kelele muntu aliyetoka boloko saa ile ile.

"Kwa nini hamukuniambia? Mimi si mwana wenu?"

Mujomba aliacha kucheka. Alinitazama kwa upole, na ule upole njo uliniua.

"Wewe ulikuwa umeshika jiti," akasema.

Tukaenda mpaka nyumbani. Mama alikuwa uani. Alimupokea kaka yake kwa mikono miwili, akamuketisha kwenye mukeka, akamuletea maji. Mujomba hakunawa. Alimuita karibu, akamuambia maneno polepole, na mimi nimesimama mulangoni, sikuthubutu kukaa. Nilisikia "bwati". Nilisikia "tundu la nne". Mama aliuliza kitu, mujomba akanionesha kwa kidole. Mama akaja mpaka nilipokuwa, akachukua mukono wangu wa kuume, akaugeuza, akatazama vile vidole viwili vilivyoungua kwa nta. Alama zilikuwa bado.

Sijamusamehe yule muntu, na sitamusamehe. Mujomba alikohoa miaka sita, kisha akafa, na hilo nalo nimeliweka juu ya kichwa cha yule, na sehemu juu ya kichwa changu. Lakini siku ile Mama aliingia jikoni, nikasikia mwiko ndani ya chungu. Akatoka na sahani mbili. Ya kwanza akamupa kaka yake. Ya pili akaiweka mbele yangu, bukari amekata kwa mukono wake, sombe pembeni.

"Kula," akasema.

Chumvi ilikuwa imezidi. Nilikula yote.